Nyumba Yetu, Ardhi ya Mtu

Salem, Oregon
15 Januari 2023

Mjomba Verlin,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakuvunja mifupa na bomba la jikoni halijaganda kama mwaka jana. Sisi huku wazima. Tess ametimiza miaka saba, meno mawili ya mbele yamemtoka, na sasa anacheka mdomo wazi makusudi ili kila mtu ayaone mapengo. Anaulizia ile kofia yako ya chuma ya kazini, anaitaka. Nimemwambia akuombe mwenyewe.

Najua simu kwako ni nzi ndani ya chupa, ndiyo maana naandika. Bunge la jimbo limefunguliwa wiki hii na muswada wetu umepata namba. Nilikueleza Krismasi, ila nadhani ulikuwa unatikisa kichwa tu kwa adabu. Ngoja nirudie. Popote penye kituo cha treni, miji haitaruhusiwa tena kukataza ghorofa. Hapo kwenu kituo kinapojengwa, kwa sheria ya sasa zinaruhusiwa nyumba moja moja zenye bustani, na wa kuzinunua ni madaktari. Na watu wanalala kwenye magari, mjomba. Nikienda kazini asubuhi naona vioo vimejaa ukungu wa pumzi za watoto. Muswada unatenga pia fedha za mabasi ya miji midogo. Basi lenu lililofutwa lingerudi.

Halafu kuna kifungu cha sita, nilichokipigania mimi. Kinasema uwanja wa nyumba za trela kama wenu, ulio karibu na reli, hauwezi kuuzwa mpaka wakazi wapewe nafasi ya kwanza kuununua kwa pamoja. Wakishindwa, huyo anayejenga ghorofa awape makao humo humo, kwa kodi ileile.

Nakuomba uje useme mbele ya kamati. Maseneta wametuchoka sisi wa shirika la kutetea makazi na takwimu zetu za ofisini. Wanataka kumwona mtu.

Mpwa wako,
Corinne


Uwanja wa Alder Creek
2 Februari 2023

Corinne,

Marahaba. Mwambie Tess kofia ni yake nikifa, na sina haraka.

Bomba limeganda. Opal wa trela ya jirani kanipa maji ndoo mbili na masimango ndoo tatu. "Nilikwambia ulifunge matambara, Verlin. Nilikwambia tangu Oktoba." Unamjua Opal. Alikuwa mpishi wa shule, mpaka leo anaongea na kila mtu kama amekuja kuomba kijiko cha pili.

Basi ni kweli nalitaka. Tangu lifutwe natembea hadi dukani kando ya barabara kuu, na malori yananipita karibu yanivue koti. Mimi, niliyeendesha lori la magogo maisha yangu yote! Leseni walininyang'anya kwa ajili ya macho. Haya, nilistahili, niligonga sanduku la barua la jirani Wendell na Wendell mwenyewe alikuwa amelishika.

Watu wa mjini wakisikia trela wanacheka. Nyumba ya magurudumu, si uivute tu uende zako? Magurudumu yenyewe yalishaoza kabla hujazaliwa. Ukiivuta hii, sakafu itabaki Alder Creek na paa litafika peke yake. Nyumba ni yangu, ardhi ni ya mtu. Marehemu mke wangu Nadine alikuwa akisema tumejenga juu ya mgongo wa ng'ombe wa jirani, na kila mwezi tunamlipa ng'ombe asiamke.

Nitakuja. Lakini niambie kitu kimoja, na usinizungushe. Hicho kifungu cha sita kimepigiliwa misumari au kimeegeshwa tu ukutani? Maana hapa uwanjani nikisema ndiyo, watasema ndiyo wote. Wananiamini, sijui kwa nini.

Verlin


Salem
5 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo. Ulifika salama? Dereva aliniapia atakushusha mlangoni. Tess alipata homa usiku ule ule, imeshuka, sasa anadai aiskrimu kama dawa.

Mpaka leo watu wanakuzungumzia ofisini. Nimekaa kwenye kamati zile miaka na miaka sijaona jambo kama lile. Dakika mbili ni dakika mbili, hata askofu walimkata. Taa nyekundu ikakuwakia, ukasema, "Hiyo taa siioni vizuri. Kama maana yake ninyamaze, mtu anishike bega." Ukumbi mzima ukaangua kicheko na hakuna aliyekushika. Na ile fulana yetu ya kijani uliyoikataa! "Mimi si mti," mbele ya mkurugenzi wangu, jamani.

Lakini lile la mwisho ndilo lililowakamata. Nimelinakili: "Magogo ya nyumba zenu nimeyashusha mlimani mimi. Sijaja kudai hata ubao. Treni naitaka. Na hao wasio na nyumba wajengeeni, wajengeeni nyingi. Ila msimtoe mtu ili kumweka mtu." Seneta Brandvold alikuwa anachezea simu chini ya meza, akaiweka. Ulimwona alivyokufuata kwenye korido? "Mzee, umenigusa." Bila kura yake hatupiti, mjomba. Yeye ndiye mlango wa nyumba hii yote, na ulimfungua wewe.

Uliniuliza kuhusu kifungu cha sita. Nilikwambia pale kwenye ngazi na nakuandikia hapa ubaki nalo: maadamu mimi nimo chumbani, hakiguswi.

Nakupenda,
Corinne


Alder Creek
2 Aprili 2023

Corinne,

Marahaba, na pole kwa Tess. Homa ya watoto ni ya kukuogopesha wewe, yeye haimsumbui.

Nilifika salama. Ile supu ya kantini ya Bunge ilinikaa tumboni hadi Jumanne. Kama ndiyo wanayokula kila siku, naelewa sheria zinavyotoka.

Opal kakata picha yangu gazetini kaibandika kwenye chumba cha kufulia. Wendell sasa ananiita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, theluji ya mlangoni kwangu unaitoa lini?" Ile karatasi yenu ya kuunga mkono wametia saini uwanja mzima, hata Wendell, ambaye hajawahi kukubaliana na serikali hata juu ya saa ngapi. Alisita, akanitazama, akasema, "Wewe unasema ni salama?" Nikasema mpwa wangu yumo chumbani. Akasaini.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita wamekuja watu na mitambo ya kupimia, wamechomeka vijiti vyenye utepe wa rangi ya waridi mpaka katikati ya maua ya Nadine. Nikamuuliza mmoja, "Kijana, unapima nini?" Akasema, "Mimi napima tu mzee, siulizi." Watoto wa marehemu Sorley, wenye ardhi, hawajaonekana tangu mwaka uanze. Nadhani ni mambo ya kituo. Ni mambo ya kituo, sivyo?

Nisamehe mwandiko, umekuwa mkubwa kama wa Tess. Kalamu mbaya.

Verlin


Salem
28 Mei 2023

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na samahani nyingi kwa kuchelewa. Msimu wa Bunge ukikaribia mwisho hatulali wala hatuli sawasawa. Tess anaonyesha sanaa zake shuleni, kachora treni yenye macho, kaandika "ya mjomba". Nimeibandika kwenye friji. Gari langu limeharibika kisahani cha breki. Dada yake marehemu baba amehamia Bend, anasema hewa ni kavu na majirani ni wakavu zaidi.

Muswada unakwenda vizuri. Fedha za mabasi zimeongezwa, hilo hata hatukulitegemea, na miji ya pwani imeingizwa. Wale mameya waliokuwa wanapiga kelele wametulia. Ungeona, mjomba, watu waliokuwa hawasalimiani mwezi wa pili sasa wanakunywa kahawa meza moja. Kazi hii ni ya kukata mkate, kila mmoja apate kipande, na hakuna anayeondoka na mkate mzima. Hilo nimelijifunza. Ukitaka vyote unarudi nyumbani na njaa.

Vijiti vile usivijali sana, wanapima kila mahali. Beri za porini zimeshaiva huko? Mwambie Opal bado naikumbuka ile pai yake.

Wako,
Corinne


Alder Creek
9 Juni 2023

Corinne,

Beri huiva Julai. Umekulia hapa, unajua.

Kurasa mbili umeniandikia na kifungu cha sita hakimo hata pambizoni. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu. Kipo au hakipo?

Verlin


Salem
21 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta katikati ya purukushani, ikafukiwa na makaratasi, nisamehe.

Imepita! Imepita, mjomba, siku ya mwisho kabisa, na juzi Gavana ametia saini. Unajua desturi, anatia saini kwa kalamu nyingi, kila herufi na kalamu yake, kisha wanagawiwa waliopigana. Niliomba moja kwa jina lako. Hii hapa ndani ya bahasha. Gavana alinikumbuka, akasema, "Huyu ni yule mzee wa magogo?" Nikasema ndiye, na nikalia mbele za watu kama mjinga.

Basi lako litaanza majira ya kuchipua. Wanakadiria nyumba maelfu. Kuna mama mmoja wa hapa Salem, alikuwa akija kwenye vikao na pacha wake wamelala begani, alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Sheria haimaliziki siku moja. Yaliyobaki tutayarekebisha msimu ujao, ndivyo tunavyofanya siku zote. Mengine tutaongea tukionana.

Corinne


Alder Creek
6 Agosti 2023

Corinne,

Sina salamu leo.

Opal alinipeleka maktaba. Tulimwomba mama wa pale atutafutie sheria yako kwenye kompyuta, akaitafuta, akatusomea kwa sauti watu wote wakisikia. Kifungu cha sita kipo. Sasa kinahusu maegesho. Kinasema jengo jipya lisilazimishwe kuwa na nafasi nyingi za kuegesha. Magari yamepata kifungu, sisi tumekosa. Opal alicheka kwa hasira mpaka wakatuomba tutoke.

Jumatatu karatasi zimebandikwa kwenye kila mlango. Watoto wa Sorley wameuza. Ardhi karibu na reli sasa ni dhahabu, sheria imefanya hivyo, sheria niliyopanda gari kwenda kuiombea mimi. Mwisho wa Januari tuwe tumeondoka.

Jioni walikuja kwangu. Walikaa kwenye ngazi mpaka ngazi ikajaa. Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana. Wendell aliniuliza tu, "Verlin, ulijua?" Nikasema sikujua. Akasema, "Mpwa wako je?" Tangu siku hiyo Wendell hanisalimii, na masanduku yetu ya barua yako nguzo moja.

Ulisema maadamu umo chumbani hakiguswi. Basi nataka kujua. Ulikuwa chumbani au ulikuwa umetoka?

Kalamu ya Gavana nakurudishia. Haiandiki vizuri.

Verlin


Salem
14 Agosti 2023

Mjomba,

Nilikuwa chumbani.

Ilikuwa katikati ya Mei. Brandvold alituita akasema wenye ardhi kwenye eneo lake wamemjia juu, na kwamba kifungu cha sita kikibaki, kura yake hatuna. Bila kura yake muswada unakufa, na muswada mkubwa hivi haurudi kabla ya miaka miwili. Yule yule aliyekushika mkono. Mkurugenzi wangu akasema, heri nusu shari kuliko shari kamili, tukirudi msimu ujao tutakidai. Wakanigeukia mimi kwa sababu kilikuwa kifungu changu. Nikafikiria vioo vyenye ukungu. Nikafikiria wale pacha. Nikasema sawa.

Ningefanya nini? Niambie wewe, mjomba, ningefanya nini? Ningeuua muswada wote kwa ajili ya nyumba ya mtu mmoja kwa kuwa ni mjomba wangu? Ungenifundisha hivyo? Kila usiku najiuliza na kila usiku jibu ni lile lile, na silali.

Njoo ukae na sisi. Chumba cha Tess kinapata jua, yeye atalala na mimi, ameshakubali, amekutengea hata droo. Nitakuja na gari mwenyewe. Usinijibu kwa hasira, nijibu tu.

Corinne


Salem
9 Oktoba 2023

Mjomba,

Barua tatu hujajibu. Jumamosi nilikuja, nikagonga, nikaita mpaka Opal akatoka kwake akanitazama na kurudi ndani. Najua ulikuwemo. Kahawa ilikuwa inanukia mpaka nje.

Nimekuachia mfuko wa tufaha mlangoni. Nilipita kwenye nyumba ya Wendell nimsalimie, akafunga pazia.

Tess anauliza kama umekasirika na yeye. Nimwambie nini?

Corinne


Alder Creek
20 Novemba 2023

Corinne,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Opal. Mimi nasema, yeye anaandika. (Na mimi naandika yale anayosema tu, ingawa nina yangu. Opal.)

Mwambie Tess sijawahi kumkasirikia na kofia aje aichukue sasa, asisubiri nife. Matufaha tumekula. Yalikuwa mazuri.

Kuna jambo nilikuficha na mimi. Barua zako zote tangu mwaka jana ananisomea Opal. Macho yamekwisha, mwanangu. Nilikuwa bado naona ukingo wa vitu, sasa ni ukungu mtupu. Ndani ya nyumba hii haikuonekana, kwa sababu kila kitu Nadine alikiweka mahali na hakijaondoka mahali pake. Najua jiko kwa mkono. Najua ubao wa sakafu unaolia kabla ya mlango. Nje, najua kutoka kwangu hadi kwa Opal kwa kufuata harufu ya vitu anavyounguza. (Siunguzi kitu.) Hapa mimi ni mtu anayejipikia na kujinyoa. Sikutaka kukwambia kwa sababu ungekuja kunichukua, na hapo nisingekuwa tena mtu wa aina hiyo. Ndiyo maana nilikuuliza kifungu hicho mara tatu.

Kwako siji. Chumba ni cha mtoto. Niliwaambia wale maseneta msimtoe mtu ili kumweka mtu, siwezi kwenda kumtoa Tess. Kaunti imenipatia chumba kwenye jengo la wazee mjini, orofa ya nne. Opal anaenda kwa mwanawe Idaho. Amelia siku mbili na anasema ni mafua. (Ni mafua.)

Uliniuliza ungefanya nini. Nimekaa na swali hilo tangu Agosti, ndiyo maana sikujibu, sikuwa nimelimaliza. Watoto ndani ya gari kwenye baridi, na mzee ndani ya trela na kahawa yake. Si hesabu ngumu. Ungenipigia simu nisisikie, ungeandika, ungekuja ukanipigia kelele sikioni, ukaniambia, mjomba, wanataka kukikata, nikubali nisikubali? Ningekwambia kubali. Naapa kwa Nadine, ningesema waache wakikate, kisha ningeenda mwenyewe mlango kwa mlango kuwaambia majirani, kwa mdomo wangu, Mei, wakiwa bado na majira ya joto mbele yao ya kutafuta pa kwenda. Wendell asingeniuliza kama nilijua. Wengine wangenitemea mate, lakini wangenitemea nikiwa nimesimama.

Hukuniuliza. Uliona haya kuniuliza, ukaona heri uamue. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga wamesema, lakini mimi langu nililiweka kwako ili niwepo.

Nakupenda kama mama yako alivyokuwa akikupenda. Hilo halijaguswa. Hilo jingine limeniuma, na linauma bado, na sitakudanganya kwamba limepoa.

Verlin

(Sasa langu: ulikuwa ukija kwangu mtoto mdogo unakula mpaka unalamba sahani. Njoo umsaidie kufunga mizigo. Mimi sitakutazama vibaya. Opal.)


Salem
11 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru uliniruhusu nikufungie sahani. Tess analala na kofia kichwani, asubuhi shingo inamuuma na bado haitoi. Nilirudi Alder Creek wiki iliyopita, sijui kwa nini. Wameweka uzio. Mashine ilikuwa inazivunja trela, na inazivunja haraka mno, mjomba, sikuweza kubaki.

Bunge limefunguliwa. Tumerudi na kifungu cha sita peke yake, muswada mzima ni hicho. Nimesema ofisini sitafanya kazi nyingine msimu huu na wakitaka wanifukuze. Ijumaa Brandvold ametuita tena. Yuko tayari kupiga kura ya ndiyo, viwanja vyote vya trela vilivyobaki karibu na reli vilindwe, jimbo zima. Ila anataka neno moja liongezwe: sheria isiwahusu waliokwisha kupewa notisi. Kwa muswada kama ulivyo, nyinyi wa Alder Creek mngerudishiwa haki ya makao kwenye ghorofa zitakazojengwa pale pale, mngerudi, wewe na Opal na Wendell na wote. Kwa neno lake hamrudi.

Mkurugenzi wangu alitaka jibu pale pale. Wakanigeukia kama mara ile. Nilisema sina ruhusa ya kujibu, kuna mtu lazima nimuulize, na anajibu kwa barua. Walicheka, wakadhani natania. Nimewaambia watasubiri posta.

Nakuuliza, mjomba. Ukisema hapana nitasema hapana, na nitasimama nayo.

Corinne


Jengo la wazee, orofa ya nne
19 Februari 2024

Corinne,

Msichana wa zamu amenisomea. Naandika mwenyewe, nimeweka rula chini ya mkono, mistari ikipandana uvumilie.

Marahaba. Chumba kina joto na wananiletea chakula. Mlango wa choo bado sijaushika, mara mbili nimefungua kabati. Kunyoa nimeacha, naogopa. Jirani wa ukuta wa pili hunigongea nikidondosha kitu, na nadondosha sana. Treni inapita chini yetu, kitanda kinatetemeka. Sijaipanda. Sijui pa kwenda nayo.

Wendell alikufa Januari nyumbani kwa binti yake, wiki ya pili tu baada ya kuhama. Hatukuwahi kusalimiana tena. Binti yake aliniletea habari, akasema babake alikuwa akiamka usiku anatafuta mlango ambao nyumba ile haina.

Nimefikiri siku moja na usiku mmoja. Nilitaka kurudi, usidhani sikutaka. Nilipanga hadi jiko likae upande gani. Lakini ghorofa ile itachukua miaka, na huko kwingine kuna uwanja ambao vijiti havijachomekwa bado, na mama mmoja anamwambia mzee wake kwamba hapa hatuondoki.

Umeniuliza. Basi waambie ndiyo, watukate sisi.

Ila kabla hujawaambia, simama mbele ya ile meza yao, sema kwa ajili ya kumbukumbu umetoka kumuuliza nani. Utaje majina yetu sote wa Alder Creek, na Wendell umtaje kwanza. Taa nyekundu ikiwaka, endelea.

Mjomba wako,
Verlin